Mkataba naanza kuusoma kutoka mwisho

Kwenye ofisi ya wakili ninayofanyia ukarani, hapa Vuga, mjini Unguja, hati ikiwekwa mezani kwangu mie naanza na kurasa za nyuma. Ukurasa wa mbele kila mtu huusoma: majina, bei, tarehe. Jadweli la malipo huwekwa nyuma, mahali ambapo mteja amekwishachoka na anataka kalamu tu atie saini aende zake.

Kwa hiyo kaka yangu aliyeko Toronto aliponitumia picha ya jadweli la mchezaji mmoja wa hoki ya barafuni, jina sikulitazama. Nilishuka chini kabisa. Miaka mitano ya mwisho ilikuwa imeandikwa dola 550,000 kila mwaka. Nikapanda juu kidogo, mtu huyo huyo, klabu hiyo hiyo: milioni 11.5 kwa mwaka, miaka mitano mfululizo. Nikamwandikia kaka, "Hii hati ina hila ndani yake. Kaiandika nani?"

Akacheka kwenye sauti aliyonirejeshea. Tangu siku hiyo nimekuwa shabiki wa mchezo ambao sijawahi kuuona kwa macho. Barafu nnayoijua mie ni ile ya kutilia juisi ya ukwaju mwezi wa Ramadhani. Kwa msiojua: ni mpira wa magongo, lakini uwanja ni barafu tupu, wachezaji wamevaa viatu vyenye vyuma vyembamba chini, na wanachogombania si mpira bali kisahani kigumu cheusi. Ligi kubwa inaitwa NHL, ina klabu za Marekani na Kanada. Sheria za mchezo wenyewe hadi leo nazibabaikia. Mikataba yao naielewa vizuri sana.

Mwenye jadweli lile ni Ilya Kovalchuk, winga Mrusi. Julai 2010 alikubaliana na klabu ya New Jersey Devils mkataba wa miaka 17 kwa dola milioni 102. Alikuwa na umri wa miaka 27, kwa hiyo mkataba ungemalizika akiwa na 44. Nililinakili lote kwenye daftari langu la mistari, maana mie nisipoandika kwa mkono sielewi: milioni 6, 6, kisha 11.5 mara tano, 10.5, 8.5, 6.5, 3.5, halafu ghafla 750,000, na mwisho zile 550,000 mara tano. Mtu analipwa kama mfalme mpaka anafika umri wa watu kustaafu, halafu eti ataendelea kupigwa vikumbo kwenye barafu kwa pesa ambazo zamani alikuwa akizipata kwa wiki chache.

Sababu yake ni kikomo cha mishahara. Msimu mzima wa 2004-05 haukuchezwa, wamiliki waliwafungia wachezaji milango mpaka wakubali kikomo. Wakakubali. Msimu uliofuata kila klabu ikaambiwa isizidishe dola milioni 39 kwa wachezaji wake wote. Sasa, mchezaji mmoja unamhesabu vipi ndani ya kikomo? Walioandika kanuni wakachagua wastani: chukua pesa zote za mkataba, gawa kwa idadi ya miaka, jibu ndilo linaloingia kwenye hesabu kila mwaka. Haijalishi mwaka huo umemlipa ngapi hasa.

Hebu gawa mwenyewe. Milioni 102 kwa miaka 17 ni milioni 6. Ikate sasa ile miaka sita ya chini, ambayo yote kwa pamoja ina dola milioni 3.5 tu. Zinabaki milioni 98.5 kwa miaka 11, yaani karibu milioni 9 kwa mwaka. Basi mkia ule wa miaka sita, unaogharimu pesa kidogo hivyo, umeishushia klabu hesabu kwa milioni tatu kila mwaka, na kwa milioni tatu unapata beki mzuri. Nilipomaliza kuigawa nilimvulia kofia aliyeiandika, wallahi.

Wapenzi wa Chelsea wamenielewa zamani. Januari 2023 klabu yao ilimsainisha Mykhailo Mudryk miaka minane na nusu, watu wakashangaa, kumbe bei ya usajili ilikuwa inagawiwa kwa miaka yote ya mkataba ili kila mwaka vitabu vionyeshe hasara ndogo. UEFA wakaja na kanuni ya kugawa kwa miaka mitano tu. Wenzetu wa barafuni walikwishapita njia hiyo zaidi ya miaka kumi kabla.

Tena Kovalchuk hakuwa wa kwanza. Mwaka mmoja kabla yake, Chicago Blackhawks walimpa Marian Hossa miaka 12: saba ya mwanzo milioni 7.9 kila mmoja, minne ya mwisho milioni moja moja. Vancouver Canucks wakampa golikipa wao Roberto Luongo miaka 12 kwa milioni 64. Anaanza na milioni 10, miaka saba karibu milioni 6.7, kisha 3.4, kisha 1.6, kisha moja, kisha moja. Hati zote hizo zilipelekwa ofisi ya ligi, zikasajiliwa, wachezaji wakaingia uwanjani. Yashikeni hayo ya kusajiliwa, nitayarudia.

Ya Kovalchuk ligi iliikataa. Chama cha wachezaji kikapinga, kesi ikaenda kwa msuluhishi Richard Bloch, naye Agosti 2010 akasema ligi ina haki: miaka ile ya mwisho imewekwa kwa ajili ya kukikwepa kikomo. Devils wakaandika upya, miaka 15 kwa milioni 100, ukapita. Juu yake wakatozwa faini ya milioni 3 na kunyang'anywa nafasi za kuchagua vijana wapya wanaoingia ligi, adhabu ambayo miaka kadhaa baadaye ilipunguzwa. Na mwenyewe Kovalchuk, ambaye watu wazima walikuwa wamekaa mezani kubishana kama atacheza mpaka miaka 44? Julai 2013, akiwa na miaka 30, aliaga, akarudi kwao Urusi kucheza St Petersburg, akaacha nyuma miaka 12 na dola milioni 77. Kaka aliponisimulia hilo nilikuwa nakunywa chai, ikanipalia.

Wakati wa kesi ile ligi ilikuwa pia inazichunguza hati nyengine, ikiwemo ya Luongo na ya Hossa. Septemba 2010 ligi na chama cha wachezaji wakapatana: kuanzia sasa mikataba mirefu itahesabiwa kwa namna nyengine, na zile zilizokwishasajiliwa uchunguzi wake umefungwa. Kwa lugha ya ofisini kwetu, yaliyopita si ndwele.

Hawakuganga yajayo. Kiangazi cha 2012 ndicho kilichonivunja mbavu zaidi. Tarehe 4 Julai Minnesota Wild waliwasainisha watu wawili siku moja, Zach Parise na Ryan Suter, kila mmoja miaka 13 kwa dola milioni 98. Wiki chache baadaye Philadelphia wakamwandikia Shea Weber, beki wa Nashville, ofa ya miaka 14 kwa milioni 110, minne ya mwanzo milioni 14 kila mwaka, mitatu ya mwisho milioni moja moja. Nashville wakalazimika kuilipa hiyo hiyo ili wasimpoteze. Septemba, wamiliki hao hao wakafunga milango tena. Moja ya madai yao: mikataba ni mirefu mno! Na Craig Leipold, mmiliki wa Minnesota, alikuwa miongoni mwa waliokaa upande wa wamiliki kwenye mazungumzo, wino wa saini zake mbili bado haujakauka.

Msimu ukaanza Januari 2013, umebaki mechi 48 badala ya 82. Kanuni mpya ziliweka kikomo cha miaka: minane kwa mchezaji wako mwenyewe, saba kwa anayetoka nje, na mwaka wa malipo madogo usishuke chini ya nusu ya mwaka wa malipo makubwa. Hayo ni sawa, mie ningeandika hivyo hivyo. Lakini wakaongeza kifungu kimoja kuhusu hati za zamani. Mchezaji mwenye mkataba mrefu wa aina ile akistaafu kabla haujesha, ligi inarudi nyuma, inahesabu klabu iliokoa kiasi gani kwenye kikomo kwa sababu ya wastani, na kiasi hicho inakipakia kwenye kikomo cha klabu kwa miaka iliyobaki.

Luongo alistaafu Juni 2019, imebaki miaka mitatu. Alikuwa Florida tangu 2014, na mwaka mmoja kabla ya kuondoka Vancouver alikwishasema hadharani kuwa tatizo ni mkataba wake na angeuchana kama angeweza. Pesa zilizobaki kwenye karatasi hazikufika hata milioni nne. Vancouver wakabebeshwa kiasi cha dola milioni 3 kila mwaka kwa miaka mitatu, kwa mtu ambaye hawakuwa naye kwa miaka mitano. Florida nao wakapata chao, kidogo zaidi.

Hapa ndipo nilipokasirika, na nikakasirika mbele ya mtu asiyekasirika ovyo.

Ami yangu anakaa Mtambile, Pemba. Ni mwalimu mstaafu wa skuli, hesabu, na mashine ya kukokotoa haitaki kuiona. Sikukuu nilipokwenda kumwangalia nilichukua daftari langu nikamwonyesha jadweli la Kovalchuk na la Luongo. Alivaa miwani, akaweka kidole juu ya mstari wa kwanza akashuka nacho mpaka chini taratibu, midomo inatikisika. Akajumlisha bila kalamu. Alipofika kwenye zile milioni moja moja za mwisho akakiinua kidole.

"Hii miaka haipo," akasema.

"Ipo kwenye karatasi, Ami."

"Ndiyo nakwambia. Ipo kwenye karatasi."

Akaingia ndani, akatoka na mfuko wa nailoni, ndani yake bahasha, ndani ya bahasha karatasi iliyokunjwa mara nne mpaka mikunjo imekatika. Maandishi ya Kiarabu, wino umegeuka rangi ya kahawia, chini majina ya mashahidi wawili. Niliisikia tangu utotoni, sikuwahi kuishika. Ilikuwa hati ya bei ya khiyari ya shamba la babu yake.

Wazee wa Unguja na Pemba wanaijua. Mwenye mikarafuu anataka pesa kabla ya mavuno, mwenye pesa anataka faida, na riba ni haramu. Basi hawaandiki mkopo. Wanaandika kuwa shamba limeuzwa, kwa bei iliyo chini kabisa ya thamani yake, na muuzaji ana khiyari ya kulinunua tena kwa bei hiyo hiyo ndani ya muda fulani. Muuzaji haondoki shambani. Anabaki kama mpangaji, kila mwaka anamlipa mnunuzi ijara. Mnunuzi anajua kuwa hakununua, muuzaji anajua kuwa hakuuza, na mashahidi wanakunywa kahawa yao wakijua kuwa ijara ni ile riba imevalishwa kanzu. Hakuna neno hata moja ndani ya hati lisiloweza kusomwa mbele ya kadhi. Bei ya karafuu ilipoporomoka miaka ya 1930 babu yake Ami hakuweza kurudisha, muda ukapita, na hati ambayo watu wote waliiandika kwa mzaha ikasomwa kama ilivyoandikwa. Shamba likaenda.

Nikamwambia, unaona, Ami, ndiyo dhulma yenyewe hiyo. Akatikisa kichwa. "Baba yangu hakusema hata siku moja kuwa babu kadanganywa. Alisema babu kashindwa kulipa. Alijua analoliandika. Na hao jamaa zako wa barafu walijua. Kama walitaka miaka minane si wangeandika minane?"

"Lakini babu hakubadilishiwa sheria baada ya kutia saini. Hawa wamepeleka hati, ligi imeisoma, imeisajili, imeichunguza, imesema yamekwisha. Baada ya miaka mitatu inawarudia."

"Aliyesajili alikuwa hajui?"

"Alijua."

"Basi naye ni shahidi aliyekunywa kahawa," Ami akasema, akaanza kuikunja karatasi yake.

Hatukukubaliana, na mpaka leo hatujakubaliana. Mie nashika lililo la kazi yangu: ofisi inayopiga muhuri inabeba muhuri wake. Ukiona hati ni mbovu, irudishe siku ile ile, kama ilivyorudishwa ya Kovalchuk. Kuipokea, kuiacha ifanye kazi, halafu kuandika adhabu kwa jambo lililokuwa halali siku lilipofanywa, hata kama lilikuwa la kijanja, ni kumfundisha mtu kuwa usajili hauna maana. Mteja akiniuliza kwa nini alipie ada ya usajili nitamjibu nini? Ami anasema mie natetea makarani. Huenda.

Kilichofuata baada ya kifungu kile ni biashara ambayo naipenda kwa ubaya wake. Kwa kuwa kustaafu kunaleta adhabu, wachezaji walioumia hawakustaafu. Walibaki kwenye orodha ya majeruhi wa muda mrefu, na mikataba yao ikawa inatembea peke yake kutoka klabu hadi klabu, bila ya mtu ndani. Wanunuzi wapo, maana ligi ina kiwango cha chini pia cha kutumia, na klabu isiyotaka kutoa pesa inafurahi kupata jina linalohesabiwa kwa mamilioni huku mshahara wenyewe ni mdogo au unalipwa na bima. Arizona ndio waliokuwa na duka hilo. Hossa, aliyepata maradhi ya ngozi yaliyomzuia kuvaa vifaa, hati yake ilikwenda huko. Chris Pronger alikuwa anafanya kazi ofisini kwa ligi, anasaidia kuamua adhabu za wachezaji, huku mkataba wake wa uchezaji unahamishwa kutoka Philadelphia kwenda Arizona, na mwaka huo huo, 2015, akaingizwa kwenye Jumba la Heshima la hoki kama mchezaji wa zamani. Na Weber yule wa miaka 14 mechi yake ya mwisho ilikuwa fainali ya 2021 akiwa Montreal. Hati yake imekwenda Vegas, Arizona, Utah, kisha Chicago, mwenyewe hajavaa jezi ya hata mmoja wao.

Ule mchezo mwengine wa majeruhi, wa Tampa Bay na Nikita Kucherov, nitausema kwa ufupi tu maana kila mtu kauandika. Msimu wa 2021 hakucheza kwa sababu ya upasuaji wa nyonga, mshahara wake ukaondolewa kwenye hesabu, wakasajili wengine, akarudi siku ya kwanza ya mtoano ambako kikomo kilikuwa hakihesabiwi. Wakabeba kombe, naye akavaa fulana iliyoandikwa kuwa wamezidisha kikomo kwa milioni 18. Mwanya huo sasa umezibwa, mtoano una kikomo chake.

Minnesota walichagua njia nyengine. Julai 2021 walimlipa Parise na Suter waondoke, wote wawili. Malipo ya kuvunja mikataba yakaingia kwenye hesabu ya kikomo, na katika misimu ya 2023-24 na 2024-25 klabu ile ilikuwa imebeba zaidi ya dola milioni 14.7 kila msimu kwa watu wawili wasiokuwepo. Kikomo cha msimu ule wa kwanza kilikuwa milioni 83.5. Kaka anasema mashabiki wao walikuwa wanahesabu siku kama wafungwa. Msimu wa 2025-26 mzigo ukashuka hadi chini ya milioni 2, na utabaki hivyo mpaka 2029.

Makubaliano mapya ya 2025 yamepunguza tena miaka: kuanzia Septemba 2026 mwisho ni saba kwa mchezaji wako na sita kwa wa nje. Kaka aliponitumia habari hiyo nilimuuliza swali moja tu, nani atasaini minane kabla ya mlango kufungwa. Jibu likaja mwisho wa Septemba 2025. Minnesota Wild, mmiliki yule yule Leipold, wamemsainisha Kirill Kaprizov miaka minane kwa dola milioni 136, mkataba mkubwa kuliko wote katika historia ya ligi mpaka siku hiyo. Wastani ni milioni 17. Nilimwomba kaka anitafutie jadweli, anitumie mistari ya mwisho kwanza.